Kanuni Kuukuu za Shule

Leo tumekusudia kunena habari ya kanuni za shule: namna zinavyotungwa, namna zinavyochakaa, na namna zinavyotengenezwa upya. Huenda mtu wa Ushongo akasema, "Hayo ni mambo ya maofisini, sisi wavuvi yatuhusu nini?" Tutamjibu kwa mfano ulio mbele ya macho yake.

Kule baharini, mkabala wa pwani ya Ushongo, kuna Maziwe. Wazee mnakumbuka kwamba katika miaka ya 1970 Maziwe kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na miti hiyo ilionekana kutoka mbali. Kisha bahari ikaila ardhi, miti ikaanguka mmoja mmoja, hata mwanzoni mwa miaka ya 1980 haikubaki. Sasa ni fungu la mchanga tu, na maji yakijaa sana hulifunika lote. Haya, tuseme nahodha kijana ameachiwa na babu yake maneno haya: "Itazame mivinje ya Maziwe, kisha geuza usukani." Maneno hayo hayakuwa ya uongo yalipotolewa. Lakini akiyafuata leo atakipandisha chombo mwambani, naye alikuwa mtiifu kwa babu yake.

Kanuni ya shule nayo ni alama ya njia. Mambo yakigeuka nayo isigeuke, humpoteza yule yule anayeitii. Na chombo kinachovunjika hapo si cha mbao. Ni maisha ya mtoto.

Basi kwanza yafaa tujue tofauti ya maneno matatu ambayo watu wengi huyachanganya: sheria, kanuni na waraka. Sheria hutungwa na Bunge. Sheria kuu ya elimu ya Tanzania Bara ni Sheria Namba 25 ya mwaka 1978. Lakini sheria haiwezi kutaja kila jambo. Kwa hiyo humpa Waziri mamlaka ya kutunga kanuni, nazo hutangazwa katika Gazeti la Serikali na kupewa namba. Kanuni nazo haziwezi kutosha kwa mambo ya kila mwaka. Ndipo Wizara hutoa waraka, yaani barua ya maagizo kwa maofisa na walimu.

Mwenye kujua vyombo ataelewa upesi. Sheria ni mkuku, kanuni ni mataruma, na waraka ni tanga. Tanga hugeuzwa mara moja upepo ukibadilika. Bali taruma likioza, sharti chombo kipandishwe pwani, fundi aitwe, mbao mpya ziwekwe. Kugeuza tanga hakuponyi taruma lililooza.

Hebu tutazame mifano miwili ya mambo yaliyokwisha kubadilishwa. Kanuni za mwaka 1979 ziliruhusu mwanafunzi achapwe fimbo zisizozidi sita. Kanuni za mwaka 2002 zilipunguza hesabu hiyo hata nne, zikaagiza kwamba achape mkuu wa shule mwenyewe au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe daftarini. Na mfano wa pili: Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada katika shule za sekondari za serikali, kidato cha kwanza hata cha nne, kuanzia Januari 2016. Kabla ya hapo mzazi alitozwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule ya kutwa. Katika nyumba inayongoja dagaa wapande bei, fedha hizo zilitosha kumzuia mtoto. Karatasi moja ikaliondoa zuio hilo katika nchi nzima. Basi msidharau karatasi.

Sasa twafika kwenye kanuni ambayo ndiyo hasa iliyotufanya tuandike maneno haya. Mwaka 2002, kwa Tangazo la Serikali Namba 295, zilitolewa kanuni za kufukuza wanafunzi shuleni. Zilitaja sababu tatu za kumfukuza mwanafunzi. Ya kwanza, utovu wa nidhamu wa makusudi unaorudiwa-rudiwa hata kuhatarisha nidhamu au jina jema la shule. Ya pili, kutenda kosa la jinai, kama wizi, kuharibu mali, ukahaba, kutumia dawa za kulevya, au kosa dhidi ya maadili, hata kama mwanafunzi hakushtakiwa. Ya tatu, kuingia katika ndoa.

Someni tena sababu hizo polepole. Neno "mimba" limo? Halimo. Lakini kwa miaka mingi msichana aliyeonekana kuwa na mimba aliondolewa shuleni, na sababu iliyotolewa ni lile neno "maadili". Shule nyingi zilikuwa na desturi ya kuwapima wasichana mimba, na aliyeonekana anayo alirudi nyumbani na daftari zake. Wasichana walioondoka kwa njia hiyo walihesabika kwa maelfu kila mwaka. Tarehe 22 Juni 2017, mkoani Pwani, Rais John Magufuli alitangaza mbele ya watu kwamba katika utawala wake msichana aliyezaa hatarudi katika shule ya serikali. Tangu hapo hata mwalimu aliyekuwa akimhurumia mtoto kwa siri aliogopa.

Hapa tunajifunza jambo la kwanza juu ya kanuni mbaya: neno lisilo na mpaka ni hatari. "Wizi" kila mtu anaujua. "Maadili" kila mtu hulipima kwa pishi yake. Mwalimu mmoja ataona kosa, mwingine ataona msiba. Na mtoto hajui atampata yupi.

Jambo la pili ni hili: kanuni hazichakai zote kwa siku moja, kwa hiyo mpya na kuukuu hugombana. Mwaka 2016 Bunge liliirekebisha Sheria ya Elimu, likaagiza kwamba mtu anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari, au kumtia mimba, afungwe miaka 30. Na anayesaidia ndoa ya namna hiyo naye ana kosa. Mwaka huo huo Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 au hata 14, vinapingana na Katiba. Na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo.

Haya, wekeni maneno hayo kando ya ile sababu ya tatu ya mwaka 2002. Sheria yasema: aliyemwoa mwanafunzi ni mkosaji, na mtoto ndiye aliyekosewa. Kanuni yasema: mtoto aliyeolewa aweza kufukuzwa shule. Ni sawasawa na mtu aliyeibiwa ngalawa yake, akaenda kushtaki, akaambiwa, "Mwizi tutamfunga, na wewe hutavua tena maisha yako." Waliotunga kanuni ya mwaka 2002 hawakuyajua yatakayotungwa mwaka 2016. Hatuwalaumu kwa hilo. Lakini kuyaacha maneno hayo mawili yasimame pamoja, hilo lina lawama.

Tarehe 24 Novemba 2021 upepo ukageuka. Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wasichana walioacha masomo kwa sababu ya mimba wataruhusiwa kurudi katika shule za serikali baada ya kujifungua. Ikafuata barua yenyewe, Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, juu ya kuwarejesha shuleni wanafunzi waliokatiza masomo ya msingi na ya sekondari kwa sababu mbalimbali. Angalieni maneno hayo ya mwisho. Waraka haukuwa wa wasichana peke yao. Hata mvulana aliyeziacha daftari akafuata uvuvi anayo njia ya kuuliza.

Wala jambo hili halikuwa geni. Majirani zetu wa Kenya walianza kuwarudisha wasichana tangu mwaka 1994. Unguja na Pemba ziliwafungulia mlango miaka kadhaa kabla ya Bara. Sierra Leone, katika Afrika ya Magharibi, iliondoa katazo lake Machi 2020, baada ya mahakama ya jumuiya ya nchi za upande huo kulihukumu.

Je, kazi imekwisha? Hapa ndipo tuukumbuke ule mfano wa tanga na taruma. Waraka ni tanga zuri, limekipa chombo mwendo. Lakini waraka peke yake haufuti maneno ya kanuni, na barua iliyoandikwa na Wizara leo yaweza kuondolewa na barua nyingine kesho. Mwezi wa Septemba 2022, Kamati ya Umoja wa Afrika inayoangalia haki na ustawi wa mtoto ilitoa uamuzi juu ya shauri la wasichana wa Tanzania. Iliitaka serikali ikomeshe kuwapima wasichana mimba kwa lazima, iiondoe ndoa katika sababu za kumfukuza mtoto, na izipitie upya zile kanuni za mwaka 2002, ili neno "maadili" lisitumike tena juu ya mimba. Maana yake ni kwamba Kamati ilisema: liponyeni taruma.

Twajua kwamba wako wazee wema wasioridhika na habari hii. Husema, "Maji yakimwagika hayazoleki. Msichana aliyezaa akikaa darasani atawafundisha wenzake ubaya." Hofu yao si ya kudharauliwa, maana yatoka katika kuwapenda watoto wao. Lakini twawaomba wafikiri mambo mawili. Kwanza, wenzake tayari wanajua kilichompata. Kijiji hakina siri. Watakachojifunza kwa kumwona akiamka alfajiri, akamwachia bibi yake mtoto, akakimbilia namba, ni kwamba kuzaa mapema kuna taabu nyingi. Pili, hayo maji yaliyomwagika ni yapi? Mwaka mmoja au miwili ya masomo. Je, kwa ajili ya hiyo tumwage na miaka 40 iliyobaki? Wazee wale wale walituachia neno jingine: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Tena tutazame hasara. Msichana asiyerudi shule hana njia nyingi. Atafuata pweza maji yakipwa, atasuka makuti, au atakwenda mjini kutumika katika nyumba ya watu. Kazi hizo si aibu. Mama zetu wametulea kwazo. Lakini kuzifanya kwa hiari ni jambo moja, na kufungiwa humo kwa neno moja la karatasi ni jambo jingine. Na mtoto atakayemlea, nani atamsomea barua ya shule?

Basi mzazi wa Ushongo afanye nini? Asikae nyumbani akingoja kuitwa. Nafasi ya kurudi haikuachwa wazi bila mpaka wa muda, na kila muhula unaopita humzidishia mtoto uzito wa kurudi. Aende kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, au kwa mkuu wa shule ya sekondari, pamoja na mtoto mwenyewe, akautaje waraka kwa namba yake: Namba 2 wa mwaka 2021. Akiambiwa kwamba haujulikani, asigombane. Aombe jibu kwa maandishi. Kisha aende kwa ofisa elimu wa kata, na ikiwa bado, avuke mpaka Pangani mjini, kwa ofisa elimu wa wilaya. Njia hiyo si fupi, lakini ni fupi kuliko maisha bila elimu.

Na ninyi wajumbe wa kamati za shule, mnayo kazi yenu. Mkutanoni ulizeni maswali matatu. Je, ni kanuni zipi zinazofuatwa hapa, na za mwaka gani? Je, kuna waraka uliozibadilisha? Je, walioacha masomo mwaka huu ni wangapi, na nani aliyekwenda kuwatafuta? Maswali haya hayamvunjii mwalimu heshima. Mwalimu mwema huyafurahia, kwa sababu humwondolea mzigo wa kuamua peke yake kwa neno lisilo na mpaka.

Kwa kumaliza twasema hivi. Kanuni haitungwi iwe sanamu ya kutazamwa. Hutungwa imfikishe mtoto salama bandarini. Nahodha mwenye akili hamchukii babu yake kwa kuwa mivinje ya Maziwe haipo tena. Hutafuta alama mpya, akawafundisha vijana wake, akaendelea na safari. Na sisi, tukiona alama imeanguka, tusinyamaze mpaka chombo kigonge mwamba. Tuseme mapema, tuseme kwa adabu, tena tuseme kwa maandishi.