Kulipwa Si Kuachilia

Mgogoro wa fedha ukimalizwa nje ya mahakama, mara nyingi watu huhesabu noti, husaini karatasi yenye maneno "sina dai lolote tena", wakaagana. Mlipaji huondoka akiamini amenunua amani. Alichonunua hasa kinategemea maneno ya karatasi ile na namna ilivyoandaliwa. Na neno "lolote", ambalo wengi hulitegemea kuliko yote, ni dhaifu kuliko linavyoonekana.

Mwaka 1990 benki ya BCCI iliwapunguza kazini baadhi ya wafanyakazi wake nchini Uingereza. Mmoja wao alipewa nyongeza ya fedha, naye akasaini kuachilia madai yote, ya aina yoyote, yaliyopo au yanayoweza kuwapo. Mwaka uliofuata benki ikafungwa, na ikajulikana kwamba iliendeshwa kwa udanganyifu mkubwa. Jina lake kwenye wasifu wa mtu likawa doa la kumnyima ajira. Mfanyakazi yule alipodai fidia ya doa hilo, alionyeshwa sahihi yake. Mwaka 2001 majaji wanne kati ya watano wa Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, walimpa haki ya kuendelea na dai. Hati husomwa kwa kuangalia kilichokuwa mbele ya waliosaini, na mwaka 1990 dai la namna hiyo lilikuwa halijatambuliwa hata na sheria yenyewe.

Funzo hapa ni kuyataja madai yanayoachiliwa. Wapo watakaosema kwamba kuyataja moja moja ni kujitegea mtego, kwani lililosahauliwa ndilo litakalorudi. Hofu hiyo ina msingi. Jaji wa tano, Lodi Hoffmann, aliona maneno yale mapana yalitosha. Lakini wenzake hawakukataza mtu kuachilia hata asichokijua. Walitaka alitamke hilo waziwazi. Kwa hiyo hati nzuri huanza kwa kueleza mgogoro wenyewe, hutaja madai yanayokufa, kisha, kama ndivyo walivyokubaliana, husema kwa sentensi yake pekee kwamba yasiyojulikana nayo yamo.

Umbo la hati nalo lina uzito. Katika kesi ya Uingereza ya Foakes dhidi ya Beer ya mwaka 1884, mdai aliahidi kwa maandishi kutochukua hatua yoyote akilipwa deni kwa awamu. Alipokwisha kulipwa akadai riba, akashinda, kwa sababu ahadi yake haikupewa kitu badala yake. Ingefungwa kwa lakiri kama hati rasmi za wakati huo, ingembana.

Kwa Tanzania, kama kesi imekwishafunguliwa, hati isiishie kabatini. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Amri ya 23 Kanuni ya 3, inaitaka mahakama iandikishe suluhu halali na kutoa tuzo, yaani amri ya mahakama, inayolingana nayo. Tofauti huonekana siku mlipaji anapokwama katikati ya awamu: mwenye tuzo huomba ikazwe, mwenye hati tupu hufungua kesi mpya. Tena hati iseme kwamba madai yanaachiliwa awamu ya mwisho ikishaingia benki, si siku ya kusaini; vinginevyo mdai atakuwa ametoa haki yake yote kwa kupokea sehemu tu.