Ushahidi wa Mate

Mnamo mwaka 1937, katika hospitali ya watoto wenye matata ya akili na tabia huko Rhode Island, nchini Marekani, tabibu Charles Bradley aliwapa watoto 30 dawa iitwayo Benzedrine, na kiasi cha nusu yao wakabadilika darasani kwa namna iliyowastaajabisha watu: waliokuwa hawakai kitako wakaketi, na waliokuwa wakiikimbia hesabu wakaikabili kwa hamu, hata wenyewe wakaviita vidonge vile vidonge vya hesabu. Dawa iliyokuja kuenea baadaye ni methilifenideti, iliyoundwa Uswisi mwaka 1944, nayo hupewa watoto wenye maradhi ya upungufu wa umakini, yaani wale ambao fikira zao hazitui juu ya jambo moja na ambao aghalabu mwili nao hukataa kutulia. Kwamba dawa hiyo huwafaa wengi, ithibati ipo ya kutosha. Linalowashughulisha matabibu ni kwamba wengi wanaoandikiwa hawaimezi kama walivyoagizwa.

Jambo hilo lilidhihirika katika uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada, ambao matokeo yake ya kwanza yalitangazwa mwaka 1999. Watoto 579, wenye umri wa miaka 7 hadi 9, waligawanywa mafungu manne: la kwanza likapewa dawa kwa uangalizi wa karibu, la pili likatibiwa kwa mafunzo ya tabia yaliyowahusisha wazazi na walimu, la tatu likapata yote mawili, na la nne likaachiwa tiba ya kawaida ya mahali lilipo. Waliokuwa wakitumia dawa katika uchunguzi huo walitolewa mate mara kadhaa, yakapimwa kama yana dawa ndani yake. Lo! takriban robo ya mate hayo yalionyesha kwamba dawa haikumezwa ipasavyo, na watoto waliopatikana nayo kila walipopimwa walizidi nusu kidogo tu, ilhali wazazi wengi walikuwa wamekwisha kusema kwamba mtoto anameza. Na hao ni watoto waliokuwa wakionwa na daktari kila mwezi!

Lakini tusifanye pupa kuwaita wazazi hao waongo. Methilifenideti ya kawaida hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi, kwa hiyo kidonge cha asubuhi huisha nguvu kabla ya adhuhuri, na cha pili sharti kimezwe shuleni, mtoto aitwe mbele ya wenzake aende kwa muuguzi, nao wakijua fika anakwenda kufanya nini; basi si ajabu akijitia kusahau, au akikibana kidonge chini ya ulimi mpaka atoke nje. Dawa za kudumu mchana kutwa zimeipunguza aibu hiyo, ila bei yake si ya kila mtu. Fauka ya hayo, dawa huondoa hamu ya kula na kuchelewesha usingizi: mkebe wa chakula hurudi nyumbani umejaa vile vile ulivyoondoka, na mama aionaye suruali ya mwanawe ikimpwaya kiunoni hukata shauri, bila kumwambia mtu, kumpumzisha Jumamosi na Jumapili. Mapumziko yenyewe si haramu, maana wapo madaktari wanaoyapanga; madhara yako katika siri, kwa kuwa tabibu asiyejua huona mtoto hakupata nafuu, akaongeza kipimo cha dawa ambayo kwa hakika haijajaribiwa.

Tena maradhi haya hurithiwa sana, hivyo mara nyingi mzazi aliyekabidhiwa kazi ya kukumbuka naye ni msahaulifu wa kuzaliwa. Na dawa hii imo katika mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 juu ya madawa yanayodhibitiwa, nayo sheria ya Marekani hairuhusu cheti kimoja kutumika mara ya pili, bali kila dawa inapokwisha hutakiwa cheti kipya. Kwa maoni yangu huo ni mzigo uliotwikwa nyumba isiyouweza.

Tabibu mwenye busara, basi, haulizi kama mtoto anameza dawa, maana swali hilo lina jibu moja tu la adabu. Huuliza ni siku zipi za juma lililopita zilizopita bila dawa, na kwa sababu gani, kisha humwuliza mtoto mwenyewe, faraghani, dawa humfanya ajisikieje, kwani anayekaribia kubaleghe asipoulizwa leo huiacha kabisa kesho, na mzazi awe wa mwisho kujua.