Goti Jipya, Kazi Ileile

Konda alikuwa anapiga bodi la gari kwa kiganja. "Twende mama, twende, tunachelewa!" Mama yangu mdogo hakumjibu. Alishika bomba la mlangoni, akaweka mguu wa kushoto kwenye ngazi, kisha akauvuta polepole wa kulia, ule wenye goti la bandia. Ndivyo alivyofundishwa na mtaalamu wa mazoezi tiba: ukipanda, tanguliza mguu mzima, ukishuka, tanguliza mgonjwa. Ilikuwa wiki ya saba tangu apasuliwe, na siku yake ya kwanza kurudi kazini.

Ni mwalimu wa darasa la pili katika shule binafsi hapa Dar es Salaam. Goti lilimtesa miaka mingi. Gegedu ilikuwa imelika, mfupa unasaga mfupa. Madaktari waliondoa sehemu iliyoharibika, wakazivika ncha za mifupa chuma, katikati wakaweka plastiki ngumu. Upasuaji huu si jambo geni tena nchini. Taasisi ya Mifupa (MOI), pale Muhimbili, wanabadilisha nyonga na magoti. Na wanaouhitaji si wazee peke yao. Wamo vijana ambao ugonjwa wa selimundu umewaharibia kichwa cha mfupa wa nyonga wakiwa ndiyo kwanza wanaanza kutafuta maisha.

Upasuaji wenyewe tunausikia. Tusichokisikia ni habari za mtu aliyesharuhusiwa, yuko nyumbani na magongo yake, halafu simu ya kazini inaita. Ya mama mdogo iliita wiki ya tatu. "Mwalimu, watoto wanakuulizia. Si utakuja kukaa tu kwenye kiti?"

Kukaa tu! Nyuzi zilikuwa zimetolewa juzijuzi, goti limevimba kama papai, usingizi wa kuungaunga. Na nani aliyewahi kufundisha watoto wa miaka minane akiwa amekaa? Unainama kwenye madawati, unasimama ubaoni, unamkimbilia aliyeanguka uwanjani.

Kwa kawaida mwenye kazi ya mezani anaweza kurudi baada ya wiki nne hadi nane hivi. Anayesimama kutwa, anayebeba mizigo au kupanda ngazi huhitaji miezi mitatu, pengine zaidi, na uvimbe wa jioni huendelea kwa miezi. Wiki za mwanzo ndizo za kulikunja na kulinyoosha goti kila siku, hata machozi yakitoka. Likishakakamaa, kulilegeza ni shughuli nyingine. Anayewahi kazini akayaacha mazoezi anakipoteza kilekile alichokifuata hospitali.

"Mwanangu, nitafukuzwa," aliniambia siku ile ya simu. Nikamsomea Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwajiriwa ana siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi awe na cheti cha daktari. Siku 63 ni wiki tisa. Alinyamaza, kisha akaniomba nisome tena. Amefundisha miaka yote hiyo bila kuambiwa na mtu. Kwa wenzetu wa Kenya, kiwango cha chini katika sheria yao ya 2007 ni siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka. Tulichonacho ni kikubwa, nacho kimelala kabatini.

Mama lishe na fundi cherehani wa barazani, wasio na mwajiri, hawana hata hizo siku. Wanategemea ndugu, na ndugu tukae kikao cha kugawana gharama kabla ya tarehe ya upasuaji, si baada.

Kama zamu yako ya kupasuliwa inakuja, usimwambie daktari "mimi ni mwalimu" ukaishia hapo. Mwambie darasa liko ghorofa ya pili, unapanda daladala mbili, na choo cha kazini ni cha kuchuchumaa. Hicho cha mwisho watu huona haya kukitaja, lakini goti la bandia kuchuchumaa ni taabu, na fundi seremala anaweza kukuchongea kiti cha kuweka juu ya choo. Ukisharudi kazini, ukiona kigimbi kinavimba na kuuma, pumzi inakata ghafla, au kidonda kinatoa maji, usingoje kengele ya kutokea. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Nanyi wakuu wa shule na mameneja, msipige simu wiki ya tatu kuuliza atarudi lini. Ulizeni anahitaji nini akirudi. Daktari wa mama mdogo aliandika mambo matatu ili aweze kurudi wiki ya saba: darasa la chini, kiti kirefu karibu na ubao, na nusu siku kwa wiki nne. Mkuu wake alikubali yote, na hayakuigharimu shule zaidi ya kiti kimoja.