Diski ya seva ikijaa, bei mpya hazimfikii mteja

Wafanyabiashara wanaouza bidhaa kwa njia ya intaneti wanashauriwa kukagua diski za seva zao kila wiki.

Mteja anapotafuta saruji, seva haipekui ghala zima. Husoma faharasa, yaani orodha ya maneno na bidhaa zinazohusika. Wakati huohuo, maombi na hitilafu huandikwa katika faili za kumbukumbu, ambazo huongezeka usiku na mchana.

Elasticsearch, programu ya utafutaji iliyotolewa mwaka 2010, huwa na viwango vitatu vya tahadhari, fundi asipovibadilisha. Diski ikipita asilimia 85, seva haigawiwi nakala zaidi za faharasa. Ikipita 90, sehemu za faharasa huanza kuhamishiwa seva nyingine, kama ipo. Ikifika 95, faharasa hufungwa zisiandikwe. Wateja huendelea kutafuta, lakini huonyeshwa bei za zamani, na hasara humwangukia muuzaji.

Dawa ni kubana kumbukumbu za zamani na kufuta zilizopitwa na muda, kazi ambayo programu ya logrotate huifanya yenyewe kwenye Linux. Faili za faharasa zisifutwe kwa mkono, maana huiharibu.