Mbogi Yako Inashika Usukani

Cheki barabara za vumbi za Kaptagat saa kumi na mbili asubuhi. Baridi inauma, lakini mbogi ya wakimbiaji ishatoka, wamebanana hadi nyayo zinagonga pamoja. Siku ya mazoezi magumu, wasee hutoka na kundi. Huko ndio kocha Patrick Sang amewanoa Eliud Kipchoge na Faith Kipyegon. Na Oktoba 12, 2019, Kipchoge akimaliza marathon Vienna kwa 1:59:40, alivutwa na kikosi cha wasee 41 waliopokezana njiani. Walimkatia upepo, na pia walimshikilia mwendo.

Hii form sayansi iliisoma kitambo. Mwaka wa 1898, Norman Triplett wa Marekani alipitia rekodi za baiskeli, akaona wasee huenda mbio zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa solo. Akataka kutoa upepo kwa hesabu, so akawapea watoi vyombo vya kukunja uzi wa kuvulia samaki. Wengine wakawa fasta mwenzao akiwa kando, wengine wakaboronga.

Mbona hivyo? Mwaka wa 1965 Robert Zajonc alisema kuwepo kwa watu tu huamsha mwili, na mwili ukiamka hutoa kile umezoea zaidi. Kama umeiva, unawaka. Kama ungali unajifunza, unakwama. So kitu mpya, iwe gitaa ama hesabu, anzia kejani pole pole. Ikishakuingia, ipeleke kwa mbogi.

Lakini mbogi haivuti tu kwa mazuri. Mwaka wa 2005, Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapea watu gemu ya kuendesha gari. Matineja wakicheza mabeshte wakiwa hapo, walijirusha kwa hatari kuliko wakiwa solo. Wale wa miaka 24 na zaidi hawakubadilika sana. Baadaye picha za ubongo zikaonyesha kitu: beshte akimcheki tineja, sehemu ya ubongo wake inayosaka raha inawaka zaidi. Na ile ya mbele, inayopiga breki, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu.

So msee wa Langas ama Huruma hapa Sisibo, yaani Eldoret, akiweka fee yote kwa beti juu base nzima imeweka, usimwite mjinga. Anavutwa na mbogi, vile mkimbiaji huvutwa na yake kwa mlima wa Kaptagat. Kinachobadilika ni mahali mbogi inaelekea.

Na hauhitaji kuhama mtaa ndio utoke kwa mvuto wa mbogi. Kwa majaribio ya Solomon Asch ya miaka ya 1950, watu walilinganisha urefu wa mistari huku kundi lililopangwa likijibu uongo. Karibu robo tatu walifuata uongo angalau mara moja, na jibu lilikuwa wazi kabisa. Lakini akiwekwa hata msee mmoja wa kusema ukweli, kufuata kundi kulishuka vibaya.

Msee mmoja tu. Hiyo ndio habari poa kwa kila kijana wa Sisibo. Tafuta beshte mmoja atakayesema "zii" na wewe kabla mbogi ianze kuchanga doo ya beti. Kama kwa base yenu hayuko, sema wewe wa kwanza. Labda kuna mwingine amenyamaza akingoja tu mtu aanze.