Ahadi Ilipopelekwa Mahakamani

Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina bahari, ina mawaziri, ina wanafunzi 27, na ina ombi moja lililokaa mezani miaka 31. Yote ni ya kweli. Mkifika katikati mtakasirika, na msione haya kukasirika, maana hata mimi niliyeisimulia mara nyingi hasira hunipanda palepale.

Tuanzie mbali. Ukivuka Bahari ya Hindi, ukaipita Australia, utaingia Bahari ya Pasifiki na kukuta nchi iitwayo Vanuatu. Ni visiwa kama 80, na watu wake wote ni kama laki tatu, karibu sawa na wakazi wa Wilaya ya Kigamboni peke yake. Hulima viazi vikuu na magimbi, hukuna nazi, huvua samaki. Hewa ukaa inayotoka kwao ni kidogo mno, hata ukiiondoa katika hesabu ya dunia hutaona tofauti. Lakini bahari inapopanda haiulizi nani alichoma makaa ya mawe na nani hakuchoma. Machi 2015 kimbunga Pam kiliwapiga, kikaezua nyumba na kufagia mashamba ambayo ndiyo ghala la kila familia.

Watu hawa waliona mambo mapema. Mwaka 1991, mataifa yalipokuwa yakijadili mkataba wa kwanza wa dunia kuhusu tabianchi, Vanuatu ilisimama kwa niaba ya nchi ndogo za visiwa ikatoa ombi. Nchi zilizotajirika kwa kuchoma makaa na mafuta zichangie mfuko wa bima, na siku bahari ikimeza kijiji cha watu, mfuko uwalipe. Mkataba ulipotiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992, mfuko haukuwemo. Neno bima lilipenya tu kwenye ibara ya 4, katikati ya sentensi ndefu, bila senti moja nyuma yake. Ushikeni mwaka huo wa 1991, tutauhitaji tena.

Kuanzia hapo visiwa vikapigwa danadana. Mwaka 1997, kule Kyoto, Japani, nchi tajiri zilikubali kupunguza moshi wao kwa viwango vilivyoandikwa. Ila miezi michache kabla, Seneti ya Marekani ilikwisha kupiga kura 95 kwa 0 kwamba haitaki mkataba utakaoibana Marekani bila kuzibana nchi zinazoendelea, na mwaka 2001 Rais George W. Bush akaipa Kyoto kisogo. Mwaka 2009, Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kuzipatia nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Mwaka 2020 ukafika, fedha hazijatimia. Zilitimia 2022, kwa hesabu ya jumuiya ya nchi tajiri zenyewe, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Yaani mtu anayepoteza shamba kwa moshi wa wengine anakopeshwa fedha za kujikwamua, kisha anadaiwa. Mwaka 2015, Paris, ikakubaliwa kwamba juhudi zifanyike joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5, na kila nchi ijipangie yenyewe itapunguza kiasi gani. Marekani ikaingia, ikatoka chini ya Donald Trump, ikarudi 2021 chini ya Joe Biden, na Januari 2025 Trump akasaini tena amri ya kutoka.

Mkitaka kuiona danadana kwa karibu, njooni Glasgow, Novemba 2021. Simon Kofe, waziri wa mambo ya nje wa Tuvalu, nchi nyingine ya visiwa vya Pasifiki, aliutumia mkutano wa dunia wa tabianchi hotuba ya video. Amevaa suti na tai, mbele yake kuna mimbari, na suruali ameikunja, kwa sababu amesimama ndani ya bahari na maji yanamfika magotini. Video hiyo ilizunguka dunia nzima. Siku chache baadaye, tarehe 13, wajumbe wakafika kwenye maneno ya mwisho ya makubaliano. Rasimu ilisema dunia iachane hatua kwa hatua na umeme wa makaa ya mawe. Muda wa mkutano umekwisha, watu wamechoka, mabegi yako tayari. Hapo India, ikiwa na China upande wake, ikataka isomeke kwamba dunia itapunguza tu. India nayo ilikuwa na lake la kusema: mbona makaa yatajwe, lakini mafuta na gesi ya wengine yasitajwe? Mwenyekiti wa mkutano, Alok Sharma wa Uingereza, akawaomba radhi wajumbe, sauti ikamkatika, akainamisha kichwa kuyazuia machozi. Ukumbi ukampigia makofi. Kisha nyundo ikagongwa, na mabadiliko yakapita.

Mnauliza, kwa nini nchi mbili tatu ziweze kuwayumbisha watu wote waliobaki? Jibu ni kwamba mikutano hiyo haina utaratibu wa kupiga kura. Nchi hazijawahi kukubaliana kuhusu kanuni ya kura, kwa hiyo kila jambo hupita kwa maafikiano. Fikirieni ukoo wa watu karibu mia mbili uliokubaliana kwamba mbuzi hachinjwi mpaka kila mmoja aseme ndiyo. Wamo wenye njaa, wamo walioshiba, na wamo wanaouza nyasi za mbuzi huyohuyo. Mbuzi atazeeka.

Mwaka 2022, mjini Sharm el-Sheikh nchini Misri, ombi la Vanuatu hatimaye lilikubaliwa kwa sura nyingine: uundwe mfuko wa hasara na uharibifu. Hesabuni kutoka 1991. Ni miaka 31. Mwaka uliofuata, Dubai, mfuko ulipozinduliwa, Marekani, nchi iliyotoa hewa ukaa nyingi kuliko nyingine yoyote katika historia, iliahidi dola milioni 17.5. Na mwaka 2024, mjini Baku, nchi zinazoendelea ziliomba dola trilioni 1.3 kwa mwaka, zikaahidiwa bilioni 300, tena ifikapo 2035.

Najua mnachosema mkisikia haya. Nimekisikia shuleni, nimekisikia kwenye daladala, nimekisikia kwa watoto wa kidato cha kwanza ambao hata kura hawajapiga: wote ni walewale. Na siwezi kuwaambia kwamba mmelitoa hewani. Hata nyumbani mmeyaona. Mgeni rasmi anakuja siku ya kupanda miti, maturubai yanafungwa, kwaya inaimba, anashika jembe, picha zinapigwa. Miezi miwili baadaye ukipita pale unakuta fimbo kavu zimesimama mstarini. Niliwahi kung'oa moja. Mizizi ilikuwa bado imeviringana ndani ya kiriba cheusi, maana aliyepanda hakuwa hata na dakika ya kuuchana ule mfuko wa plastiki. Mtoto aliyeimba kwaya siku ile akipita hapo kila asubuhi, anajifunza kitu kuhusu viongozi ambacho mwalimu wa uraia hataweza kukifuta.

Kwa hiyo hasira yenu ni ya haki. Ninachokataa ni neno walewale. Katika ukumbi uleule wa Glasgow kulikuwa na waliokuwa wanazama na waliokuwa wanauza makaa. Kulikuwa na waliodai tangu 1991 na waliokataa tangu 1991. Ukisema wote ni wezi, mwizi ndiye anayefurahi, kwa sababu hakuna tena anayemtafuta. Kuvunjika moyo kwenu kunamfaa sana mtu anayetaka mambo yabaki yalivyo. Hana haja ya kushindana nanyi kwa hoja, anasubiri tu mchoke.

Sasa nawapeleka kwa wale wanafunzi 27. Mwaka 2019 walikuwa wanasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini, kwenye kampasi yake ya Port Vila, mji mkuu wa Vanuatu. Walitoka visiwa mbalimbali. Wamekua wakizisikia ahadi zile tangu utotoni, na vimbunga wanavijua kwa majina. Darasani walipewa kazi ya kutafuta njia za kisheria za kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Wangeweza kuandika insha, wakapata alama, wakaenda zao. Wao waliamua kuchukua njia ngumu kuliko zote na kuifuata kweli: kuiuliza Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, Uholanzi, nchi zina wajibu gani kisheria.

Tazameni akili iliyomo humo, maana hapa ndipo ninapoipendea hadithi hii. Miaka yote watu wa visiwani walikuwa wakiuliza, “Mtatusaidia?” Hilo ni swali la kuomba, na anayeombwa anaweza kuahidi, kuchelewa, kusahau. Wanafunzi wakauliza, “Mnadaiwa nini?” Na mlango nao wakaubadilisha. Swali la namna hiyo hupelekwa mahakamani na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na katika Baraza Kuu watu hupiga kura. Wingi unatosha. Hakuna mmoja wa kumshika mbuzi kamba.

Njia hiyo ilikuwa imejaribiwa. Palau, jirani yao wa Pasifiki, ilitangaza mwaka 2011 kwamba ingelipeleka swali hilo, likaishia njiani. Wanafunzi waliandika barua kwa serikali za visiwa. Serikali ya Vanuatu ikaitika, na Septemba 2021 ikatangaza rasmi kwamba italibeba swali hilo. Hebu kumbukeni neno walewale: hao nao walikuwa wanasiasa, mawaziri wenye ofisi na magari, na walifungua barua ya wanafunzi wakaifanyia kazi. Wakatembea nchi kwa nchi kutafuta wa kuwaunga mkono. Mwanzoni mwa Machi 2023, mambo yakiwa yamekaribia, vimbunga viwili, Judy na Kevin, viliipiga Vanuatu ndani ya wiki moja. Tarehe 29 ya mwezi huohuo, mjini New York, azimio lao likapita likiwa limedhaminiwa na nchi 132. Hata kura haikuhitajika, kwani hakuna nchi iliyosimama kupinga.

Desemba 2024 wakafika The Hague. Kwa wiki mbili mahakama ilisikiliza nchi 96 na mashirika 11 ya kimataifa. Cynthia Houniuhi kutoka Visiwa vya Solomon, mmoja wa wale wanafunzi, alisimama mbele ya majaji akawaeleza juu ya Fanalei, kisiwa cha watu wake, kinachoelekea kumezwa na bahari. Marekani, China, Uingereza na Saudi Arabia nazo zilisema, kila moja kwa namna yake, kwamba mikataba ya tabianchi iliyopo inatosha na sheria nyingine zisivutwe humo. Ile mikataba ya ahadi, mnaikumbuka.

Tarehe 23 Julai 2025 rais wa mahakama, Yuji Iwasawa, akasoma maoni ya majaji wote, bila hata mmoja kupinga. Walikuwemo Julia Sebutinde wa Uganda, makamu wake, na Abdulqawi Yusuf wa Somalia. Walisema kulinda tabianchi ni wajibu wa kisheria, na hautoki katika mikataba hiyo peke yake. Nchi haiwezi kujiandikia lengo lolote inalotaka, bali lazima lionyeshe juhudi yake ya juu kabisa, na nyuzi 1.5 ndicho kipimo. Serikali inayoacha kuchukua hatua stahiki, ikaendelea kutoa leseni za kutafuta mafuta na ruzuku za kuyachimba, inaweza kuwa inavunja sheria ya kimataifa. Na aliyevunja anaweza kudaiwa fidia.

Nisiwafiche: hayo yanaitwa maoni ya ushauri. Mahakama haina askari wa kwenda kufunga mgodi. Siku iliyofuata magari ya makaa yaliendelea kutembea. Lakini wakili anayesimama leo mbele ya hakimu, katika nchi yoyote, ana karatasi ya mahakama kuu kuliko zote duniani inayosema kwamba wahenga walisema kweli, ahadi ni deni. Miaka yote kabla ya hapo hakuwa nayo. Ililetwa na darasa moja.

Na swali lenyewe limeshafika kwetu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, mvua za masika zilikuwa zimekwisha kuua watu Tanzania na Kenya kwa mafuriko, katika bara linalotoa chini ya asilimia 4 ya gesijoto za dunia. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2025, Umoja wa Wanasheria wa Afrika, PALU, uliiomba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu itoe maoni yake: serikali za Afrika zina wajibu gani kwa watu wao katika jambo hili? Oneni, swali hilo haliwaelekei Wamarekani wala Wachina. Linawaelekea viongozi wetu, pamoja na yule mgeni rasmi na miche yake. Mahakama hiyo iko Arusha, na sheria iliyoiunda inataka iendeshe shughuli zake hadharani. Mwambieni mwalimu wa klabu yenu ya mdahalo aandike barua kwa msajili, aulize vikao ni lini na darasa linaruhusiwa kuleta watu wangapi.