Asilimia za Chanjo si Alama za Mtihani

Walimu walikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kutengewa chanjo ya korona mnamo Machi 2021, baada ya dozi zipatazo milioni moja za AstraZeneca kuwasili Nairobi. Punde si punde swali likazuka: mbona Pfizer ina asilimia 95 nasi tumeletewa ya asilimia 70? Mwalimu, ambaye kusahihisha ndiyo kazi yake, angefaa kuwa wa kwanza kuutilia shaka ulinganisho wa namna hiyo.

Asilimia hizo hazikutokana na mtihani mmoja. Pfizer ilijaribiwa kati ya Julai na Novemba 2020, kabla ya aina mpya za virusi kutapakaa. Johnson & Johnson ilijaribiwa baadaye kidogo, na kwa sehemu Afrika Kusini, ambako aina iitwayo Beta ilikuwa imeshatawala. Matokeo yaliyotangazwa Januari 2021 yalikuwa asilimia 72 nchini Marekani, lakini 57 Afrika Kusini. Chanjo ni ile ile! Dhidi ya ugonjwa mkali ilikinga kwa asilimia 85, na hilo hasa ndilo la kuulizia, maana aliyeugua kidogo nyumbani hahitaji oksijeni.

Tofauti halisi imo katika utengenezaji. Pfizer na Moderna hubeba maelekezo, yaitwayo mRNA, yanayoufunza mwili kuunda protini ya miiba ya virusi ili kinga ije imtambue adui. AstraZeneca na Johnson & Johnson hupitisha maelekezo kama hayo ndani ya virusi vingine vilivyolemazwa visizaliane. Sinopharm ya Uchina ni virusi vyenyewe vya korona, ila vimeuawa. Mbinu kongwe hiyo.

Sasa mRNA ni tete ajabu. Pfizer mwanzoni ilidai baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Zahanati gani ya mashambani ina jokofu la aina hiyo? AstraZeneca ilitosheka na nyuzi 2 hadi 8, kama chanjo ya surua. Johnson & Johnson nayo ilikuwa sindano moja tu, jambo kubwa kwa mfugaji ambaye huenda amehama na mifugo yake kabla ya siku ya dozi ya pili kufika.

Dosari hazikukosekana. Chanjo hizi mbili zilisababisha, kwa nadra sana, kuganda kwa damu. Za mRNA zilileta uvimbe wa misuli ya moyo kwa wachache, hasa vijana wa kiume. Pfizer yenyewe ilibidi iundwe upya mwaka 2022 ili imkabili Omicron.